Jembe Si Adhabu

Kuna kauli moja ambayo kila aliyepata kukaa darasani katika nchi hii ameisikia, kama hakuambiwa yeye, aliambiwa jirani yake wa dawati: "Usiposoma utarudi kulima." Baba huitamka kwa mwanawe jioni, mwalimu huitamka asubuhi mbele ya ubao, na mgeni rasmi siku ya mahafali huitamka kwa maneno ya adabu zaidi, akiwaasa vijana wasije "wakaishia vijijini". Sisi pia tuliambiwa hivyo. Tena tunakiri kwamba tulipojaliwa watoto wetu wenyewe tuliwaambia yale yale, tumeketi katika ua ambamo mtama uliotulipia karo ulikuwa ungali umeanikwa. Hiyo ndiyo kauli tunayoishitaki katika insha hii, na kwa kuwa nasi tuliisema, tunasimama kizimbani pamoja na washitakiwa wengine.

Hatuishitaki kwa kumhimiza mtoto asome. Nani atakataa kusoma? Tunaishitaki kwa sababu inafundisha kwamba shamba ni mahali elimu inapokoma, ni shimo la kuwatupia walioshindwa mtihani. Mtoto akifaulu, huondoka akiwa amejifunza kumdharau mama yake; akishindwa, hurudi nyumbani akiwa amejifunza kujidharau mwenyewe. Sisi twashikilia kwamba shamba dogo la kaya, hasa katika nchi kame ya Ugogo, ni shule yenye masomo yake, walimu wake na mitihani yake mikali, na kwamba elimu hiyo ni sehemu ya utamaduni wa taifa sawasawa na lugha na ngoma. Anayeifanya adhabu anaubomoa utamaduni huo, hata kama kila Jumatatu anaimba wimbo wa taifa kwa sauti kubwa.

Tunaandika tukiwa Kikuyu, sehemu ya mji wa Dodoma, ambayo msomaji asije akaichanganya na jina la ndugu zetu wa Kenya. Hapa ndipo ilipokuwa Shule ya Sekondari ya Mazengo, iliyopewa jina la mtemi wa Mvumi, na hapo hapo tangu mwaka 2007 pana Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Kwa hiyo Kikuyu yakijua kitabu. Lakini ililijua pia jembe. Wazee wa hapa wanakumbuka mashamba ya uwele na karanga yaliyokaribia nyumba kiasi kwamba karani aliweza kupalilia mistari miwili kabla ya kwenda kazini. Mwaka 1973 ikaamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Mwaka 2016 Serikali ikaanza kuhamia kwa kweli. Tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Vigingi vya wapima ardhi vimetangulia mbele kuliko barabara. Hatulalamiki kwamba mji unakua, maana mji nao ni wetu. Tunachouliza ni hiki: kaya inapouza eka zake tatu upande wa Ntyuka ikapata nyumba ya bati, yale iliyoyajua juu ya eka zile yanaandikwa wapi, na nani anayaandika?

Na iliyajua mengi. Yatupasa tuyataje, maana wapo wanafunzi wanaodhani kwamba babu zao walitawanya mbegu kama mtu anayelisha kuku, kisha wakaingoja mvua. Dodoma hupata mvua ya kiasi cha milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, katika kifuku kimoja tu, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili. Hata hiyo haiji kwa utaratibu. Januari ama Februari hukatika kwa majuma mawili au matatu, jua likawaka kana kwamba kiangazi kimerudi kuchukua kitu ilichokisahau. Mkulima asiye na mto wala bomba hana budi kupanda leo akiwa tayari kwa siku hizo za ukavu ambazo hazijui zitaangukia wapi. Kaya iliyotulea ilijilinda kwa kutotegemea zao moja. Uwele ulipandwa penye mchanga, kwa kuwa hukomaa upesi na huvumilia kiu. Mtama ulipewa udongo mzito kidogo unaoshika maji. Karanga, njugu mawe na kunde zilikuwa na nafasi zao, na maboga yalitambaa karibu na zizi penye samadi. Mahindi yalipandwa machache, mahali maji yalipotuama, kwa ajili ya kuchoma tu, kama mtu achezavyo bahati nasibu kwa senti alizo radhi kuzipoteza. Leo twaona mashamba mazima ya mahindi yamekauka mwezi wa Februari, na ukiwauliza wenyewe, wengine watakujibu kwamba ugali wa mtama ni chakula cha njaa, na ule mweupe ndio wa watu waliostaarabika. Hiyo ni kasumba tu, na imewanyima chakula watu ambao mvua peke yake isingewanyima.

Mwalimu wa mbegu alikuwa mama. Kabla ya mavuno alipita shambani peke yake, akachagua masuke yaliyojaa, yasiyoguswa na fugwe, akayafunga pamoja na kuyatundika juu ya jiko ili moshi uyakinge na wadudu. Masuke hayo hayakuliwa hata kaya ilale njaa. Mwaka mmoja njaa ilikuja kweli, nasi watoto tulilala tukiyatazama yakining'inia juu ya vichwa vyetu. Tulimwona mama mkatili. Tulipomlilia alitujibu: "Wanangu, hayo si yenu. Ni ya wadogo zenu." Baadaye, katika utumishi wetu, tulihudhuria semina nyingi ambamo tulielezwa tofauti ya mtaji na matumizi kwa michoro na kwa chai ya saa nne. Hatujaielezwa tena kwa ufasaha ule.

Watoto nao walikuwa na darasa lao, juu ya dungu. Uwele unapoanza kukomaa, makundi ya kwelea kwelea huja kama moshi, na shamba lisilo na mtu huisha kwa siku chache. Tuliamia ndege tangu alfajiri, kombeo mkononi na madonge ya udongo miguuni. Dungu la jirani halikuwa mbali, sauti zikapokezana: huyu anafukuza, yule anapokea, wa tatu anatega kitendawili ili mwenziwe asisinzie. Huko ndiko tulikojifunza kwamba ndege uliowafukuza kwako bila kumwita mwenzako wamekwenda kula kwake. Magugu yakizidi nguvu za kaya, pombe ya mtama ilipikwa, majirani wakaja na majembe yao, na aliyekuja kunywa bila kulima alitungiwa wimbo ambao wajukuu zake wangali wakiusikia. Ng'ombe hawakuwekwa wote zizini mwa mwenyewe. Wengine walikabidhiwa marafiki wa mbali, ili ugonjwa au ukame wa mahali pamoja usilimalize kundi zima. Na yule aliyetunza, ambaye huenda hakuwa na ng'ombe hata mmoja, alipata maziwa ya watoto wake na samadi ya shamba lake. Tumesikia wataalamu wakiuita utaratibu wa namna hii kwa majina marefu. Wazee waliuita urafiki.

Elimu hii ilipoporwa, watu walikufa. Njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo wanaikumbuka kwa jina la Mtunya, yasimuliwa aghalabu kama balaa la mvua tu. Lakini kabla mvua haijakatika, majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalikwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo ya vita. Ukame ulikuta nyumba haina mlango.

Miaka 30 baada ya hapo, Serikali ya Uingereza ilikuja na mpango wake wa karanga. Mwaka 1947 ilianza Kongwa, katika mkoa wetu huu, kwa nia ya kufyeka eka zaidi ya milioni 3 katika Tanganyika na nchi jirani. Yaliletwa matrekta ya kila aina, na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Udongo wa Kongwa ukikauka hushikamana kama saruji. Karanga zikabaki ardhini zisichimbike, na mvua nazo zikakataa amri. Januari 1951 mpango ulivunjwa, paundi milioni 36 hivi zikiwa zimepotea. Mwanamke yeyote wa Kongwa aliyelima robo eka ya karanga angaliweza kuwaambia habari za udongo ule bila kudai posho. Lakini katika hesabu za mpango ule mtu kama huyo alikuwa kibarua, na kibarua haulizwi.

Tumezoea kusimulia kisa hicho huku tukiwacheka Waingereza. Tusicheke sana. Nasi tulikuwa na Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971, ambayo iliwaleta watu pamoja ili wapate maji, shule na zahanati, na vingi kati ya hivyo walivipata. Lakini katika haraka ile mahali pengi kaya zilihamishwa mbali na mashamba yaliyorutubishwa kwa samadi ya vizazi viwili, na waliopanga mistari ya nyumba hawakumwuliza mama mwenye mbegu kama udongo wa mahali papya utamfaa. Hatusemi haya kwa kuwasuta waliotutangulia. Nia yao ilikuwa njema, na nia njema ikimpuuza mwenye shamba huvuna kidogo.

Na sasa tufike shuleni, maana ndiko kesi yetu iliko hasa. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa kijitabu chake cha Elimu ya Kujitegemea. Aliona kwamba shule tuliyoirithi ilimtenga mtoto na wazazi wake, akataka shamba la shule liwe mahali pa kujifunzia: wanafunzi washiriki kupanga, waone faida na hasara ya maamuzi yao, wale matunda ya jasho lao. Tunasema kwa masikitiko kwamba wengi wetu tulilipokea jembe tukaliacha darasa.

Shule tuliyosoma sisi, nayo haikuwa hapa Kikuyu, ilikuwa na shamba la eka kama kumi. Hatukumbuki hata siku moja mwalimu kutueleza kwa nini mstari wa mtama uelekee huku usielekee kule. Tunachokumbuka ni ngwe. Aliyechelewa namba alipigiwa ngwe. Aliyesahau kuchana nywele alipigiwa ngwe. Aliyenaswa akizungumza Kiswahili siku ya Kiingereza alipigiwa ngwe, kwa hiyo katika adhabu moja alifundishwa kuchukia lugha yake na jembe la baba yake. Mavuno yalipokuja hatukujua yalikwenda wapi. Mwenzetu mmoja, mtoto wa mkulima hodari, alimwambia mkubwa wa zamu kwa heshima zote kwamba mistari ile ilikuwa ikishuka na mteremko, na kwamba mvua kubwa ya kwanza ingechukua udongo wote. Aliongezewa ngwe mbili kwa ujuvi. Mvua ya kwanza ikaja, ikauchukua udongo hadi korongoni, na hakuna aliyemwita yule mwenzetu kumwuliza alijuaje. Aliacha shule kidato cha tatu. Twasikia analima.

Tusiwaonee walimu peke yao. Sisi tuandikao mashairi tuna hatia yetu, na tena kubwa. Tangu nchi hii ilipounda wizara ya utamaduni mwaka 1962, tumepanda majukwaani kuisifu asili yetu. Muheme ya akina mama wa Kigogo imechezwa mbele ya wageni wa mataifa. Zeze na marimba za Ugogo zilizunguka dunia mikononi mwa marehemu Hukwe Zawose, na tunajivuna kwa hilo bila kujificha. Lakini nyimbo nyingi tunazozipigia makofi zilizaliwa kwenye palizi, kwenye kupura, kwenye dungu. Tumeuchukua wimbo tukaliacha shamba. Tumetunga beti kwa beti za kulisifu jembe, vina vimetimia na mizani imekaa sawa, ilhali viganja vyetu ni laini kama vya mtoto mchanga. Mwanafunzi anayesoma shairi kama hilo darasani, kisha akapigiwa ngwe saa nane mchana, anajua upesi lipi kati ya mawili hayo ndilo la kweli.

Atatokea wa kutuambia kwamba tunausifu umaskini. Hapana. Shamba la kaya lina makosa yake, na anayelipenda ndiye wa kwanza kuyaona. Desturi ya kuberega, yaani kukwangua nyasi juu juu, kuzichoma na kupanda bila kutifua, imeufanya udongo wetu ugumu na kuyaacha maji yapite yakienda zao. Miti imekatwa kwa mkaa bila hesabu. Tena wapo wanaume ambao elimu yote ya shamba waliiachia mikono ya wake zao, kisha siku ya kuuza gunia wakawa wao wenye shamba. Hayo tuyaseme wazi wazi. Lakini shule hairekebishwi kwa kuwatukana wanafunzi wake.

Njia ya kuirekebisha imekwisha onekana hapa hapa kwetu. Kijijini Chololo, kiasi cha kilomita 40 kutoka mjini Dodoma, kati ya 2011 na 2014 Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, kituo cha utafiti wa kilimo cha Hombolo na wenzao walifanya kazi pamoja na wanakijiji. Walichimba makinga maji kukata mteremko, walitifua udongo mgumu kwa ng'ombe ili maji yazame, walirudisha samadi shambani, na walipanda mbegu zilizotafitiwa zinazokomaa mapema, kama mtama wa Macia na uwele wa Okoa. Hayo yote yangeweza kuandikwa katika kipeperushi na kutupwa ofisini kwa mtendaji. Kilichotufurahisha sisi ni namna yalivyojaribiwa katika mashamba ya wakulima wenyewe, jirani akaona kwa jirani yake. Mtu haamini makinga maji kwa hotuba. Anaamini Februari, pale mtama wa mwenzake ungali kijani na wake umenyauka. Na zile mbegu mpya hazikuwa ngeni hata kidogo: ni uwele na mtama, watoto wa masuke yale yale yaliyotundikwa juu ya jiko.

Vivyo hivyo kisiki hai, ambacho tangu mwaka 2018 kimeenezwa katika vijiji vingi vya mkoa huu na asasi ya LEAD Foundation ya Mpwapwa pamoja na wenzao wa Uholanzi. Mkulima hanunui mche wala hamwagilii. Anachagua kisiki kilicho hai shambani mwake, anaacha machipukizi machache yenye nguvu, anapogoa mengine, anayafunga alama ili mchungaji asiyaachie mbuzi, na mti unarudi kwa mizizi yake ya zamani. Watu wa Niger walianza kurudisha miti kwa njia kama hii tangu miaka ya 1980, ikaenea kwenye mamilioni ya hekta. Sisi tulikuwa na mgunga na mkwaju vikingoja chini ya miguu yetu, tukawa tunapanda vitalu vya miche kwa sherehe kila Januari na kuvisahau kila Juni.

Mwaka 2024 baadhi ya shule zetu za sekondari zilianza kupokea wanafunzi wa mkondo wa amali kwa mtaala mpya, na kilimo kimo ndani yake. Tunaupokea mtaala huo kwa matumaini na kwa hofu. Hofu yetu ni kwamba mkondo huo usije ukawa jina jipya la ngwe: wenye alama za juu wapelekwe kwenye maabara, na wenye alama za chini wapelekwe kwenye majembe, nasi wazazi tuwaambie wale wa kwanza, "Mwaona? Msiposoma mtakuwa kama wale." Ikiwa hivyo, afadhali usingaliletwa. Tunawaomba walimu wafanye jambo moja gumu: wapige marufuku jembe kuwa adhabu katika shule zao, leo, bila kungoja waraka. Mwanafunzi aliyekosa afagie, asimame, aandike mistari mia, lakini asipewe jembe. Na wanapokwenda shambani waende na daftari. Wapime mvua kwa kopo, waandike. Waulize majina ya udongo, ya magugu na ya wadudu kwa Kigogo na kwa Kiswahili, maana twawajua wahitimu wanaoeleza usanisinuru bila kukosea hata neno moja, na ambao hawajawahi kukitambua kiduha kikinyonya mtama mbele ya macho yao. Wazazi wenye mashamba waalikwe darasani kama wanavyoalikwa mabwana wa benki.

Mwaka juzi mwalimu mmoja wa sekondari alituomba tumpeleke na wanafunzi wake kwa mama mmoja mwenye eka nne upande wa Ntyuka, ambazo amekataa kuziuza mara tatu. Tulifika asubuhi, vijana wakashuka garini na madaftari yao, na majembe kadhaa kwa ajili ya mazoezi. Mama yule aliyaona majembe kwanza. Alitusalimu, akatuvuta pembeni, akauliza kwa sauti ya chini yenye huruma: "Hawa wajukuu zangu wamekosa nini?" Ilituchukua muda kumsadikisha kwamba walikuwa wamekuja kusoma. Aliposadiki, alifunga khanga yake vizuri kiunoni, akainama, akang'oa miche miwili yenye majani machanga, akaiinua juu wote waione, akataka kujua nani kati yao anaweza kumwambia upi ni uwele na upi ni mtama. Walikuwa wanafunzi arobaini. Watatu walinyosha mkono.